Nani Alivumbua Jiwe la Kukata Kioo

Wiki iliyopita nilikuwa Dadamu kumzika Candia, mwenzangu wa kazi, na tangu nirudi nyumbani hapa Koboko sijatulia. Si huzuni peke yake. Huzuni naijua, nimezika watu wengi. Inakuja, inakaa, halafu inapata mahali pake. Hili ni jambo lingine. Mpwa wake mmoja, mwalimu, amevaa koti jeusi katika jua lile, alisimama na karatasi akasoma maisha ya marehemu tangu kuzaliwa. Alipofika katikati akasema, nami nimekaa mstari wa tatu nasikia vizuri kabisa, kwamba marehemu kwa akili yake mwenyewe ndiye aliyevumbua kuwa jiwe jeupe linakata kioo, na kwa jiwe hilo akaweka madirisha ya nusu ya mji wa Arua. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mama mmoja nyuma yangu akasema polepole, "Kweli alikuwa mtu wa akili." Nikanyoosha mkono. Kijana aliyekuwa anaendesha ratiba akainama sikioni mwangu, "Mze, wageni wa Koboko watapata nafasi baadaye." Nikangoja. Baadaye ikaja mvua, baada ya mvua chakula, baada ya chakula gari letu likapiga honi. Basi nafasi yangu ndiyo hii. Mimi nimefika darasa la nne tu, mjukuu atanyoosha herufi, lakini maneno asiyaguse.

Candia hakuvumbua kitu. Nasema hivyo na bado nampenda. Candia hakuwahi hata kukata kioo, mikono yake ilikuwa inatetemeka akitaka kupitisha jiwe. Miaka yote ile tuliyofanya kazi pamoja yeye alishika, mimi nikakata, yeye akaongea, mimi nikanyamaza. Na kama ni kweli tunatafuta mvumbuzi, basi tutafute vizuri, tusimpe tu yule aliyekufa karibuni.

Mambo ya baba na mama sitayaweka hapa, hayahusiani na kioo. Nianze mwaka wa sabini na tano, nami nilikuwa na miaka ishirini na moja, mtu mzima na ndevu zangu, nafanya kazi kwa Mze Khamisi nyuma ya soko la Koboko. Mze Khamisi alikuwa mzee wa Kinubi, mfupi, kofia haitoki kichwani, na kazi yake ilikuwa vioo vya kujitazamia. Alikuwa anakusanya vioo vikubwa vilivyovunjika, vile vya kabati za zamani na vya maduka yaliyofungwa Wahindi wenyewe walipofukuzwa, anavikata vidogo vidogo, anavitia fremu ya mbao, mke wake anapaka fremu rangi nyekundu na kijani. Wake za askari walikuwa wanavipenda sana. Zamani alikuwa na kalamu yake ya kukatia, yenye ncha ya almasi, amenunua Arua kwa Mhindi. Ile ncha ikaisha. Na mwaka ule hata sabuni ilikuwa ya magendo, hata sukari ilikuwa hadithi, sasa almasi ungeipata wapi? Mze akakaa wiki nzima hana kazi. Halafu akapita mutu mmoja wa Kongo, mchuuzi wa tumbaku, akaona vile vioo vimelala, akauliza kuna shida gani. Alipoambiwa, akatoka, akaenda pale kandokando ya barabara, akarudi na jiwe jeupe, haya mawe meupe tunayoyakanyaga kila siku. Akalipasua kwa nyundo. Kipande kilichotoka na ukingo mkali akakichukua, akapitisha kwenye kioo, kikalia kama panya aliyebanwa. Kioo kikavunjika palepale alipopitisha. Yule mutu akanywa chai yake kavu akaenda zake. Hata jina hakuacha.

Kwa hiyo kazi yangu nilijifunza hivi: unapasua jiwe kila asubuhi, kwa sababu ukingo wa jana umelala. Unapaka mafuta ya taa kidogo kwenye mstari. Unaweka rula ya mbao, unapitisha jiwe mara moja, mara moja tu, ukirudia umeharibu. Halafu unaweka kioo ukingoni mwa meza, unabonyeza. Katika vitano, kimoja kinakwenda kinakotaka chenyewe. Vidole vyangu mwaka ule vilikuwa na makovu mpaka nikila nyama yenye pilipili nilikuwa natumia kijiko kama Mzungu. Nilichoka. Nasema wazi, nilikuwa naichukia ile kazi. Nilitaka kuwa fundi wa magari.

Mze Khamisi alinituma Arua nikakate vioo huko na kuviuza, nikapanga chumba kwa Hajati Zena, mjane aliyekuwa na nyumba ya mabati karibu na msikiti. Chumba kilikuwa na vitanda viwili vya kamba, dirisha moja lisilo na kioo (mimi na kazi yangu ile, nalala kwenye dirisha la gunia), na ukuta wenye alama ya kalenda iliyokwisha kutolewa. Kitanda cha pili kilikuwa cha Candia. Alikuwa Mlugbara wa Dadamu, mrefu, amesoma sekondari miaka miwili halafu karo ikakatika, na alikuja mjini na kitabu kimoja. Kitabu chenyewe hakikuwa na jalada. Kilikuwa cha maswali na majibu ya sayansi, kwa Kiingereza, na Candia alikuwa amekila chote, kimekaa tumboni, na kila mara kinapanda.

Sijui nieleze vipi kuishi na mtu wa namna hiyo. Unaamka, unatafuta kiatu, anakwambia, "Swadiki, unajua chuma gani ni maji?" Unasema hujui. "Zebaki. Unaweza kuimwaga kama chai." Unaoga, yuko nje ya uzio anasema kuna chuma kingine chepesi mpaka kinaelea juu ya mafuta ya taa. Na wavumbuzi! Aliyevumbua taa ya umeme, aliyevumbua baruti ya kupasua majabali, mama mmoja aliyepata jiwe linalong'aa lenyewe likamwua pole pole. Majina yao yote aliyajua. Mimi majina ya Wazungu hayakai kichwani. Akiniuliza nani alivumbua kitu fulani, nilikuwa najibu, "Mzungu mwenye ndevu," na mara nyingi, nikikaribia picha ya kitabu, kumbe nimepata.

Hajati Zena alikuwa anatupikia, mkate wa gurusa na maharage, siku nzuri samaki mkavu, naye alikula na sisi pale ukumbini kwa sababu alipenda kubishana. Siku moja Candia akamwambia chumvi imetengenezwa na vitu viwili, kimoja ni chuma kinachowaka moto kikiguswa na maji, cha pili ni hewa ya sumu. Hajati akaweka kijiko chini.

"Unasema nimekupa sumu?"

"Hapana, Mama. Vikikutana vinakuwa chumvi."

"Basi visikutane kwenye chungu yangu. Kula, nyamaza."

Akala kidogo. Halafu, maana hakuweza kunyamaza, akasema mkaa na almasi ni kitu kimoja, tofauti ni kupangwa tu ndani yake. Hajati akaonyesha jikoni kwa kidevu. "Jikoni iko gunia moja ya mkaa," akasema. "Enda, leta almasi. Mimi nangoja hapa." Tulicheka, na Candia naye akacheka, lakini baada ya kucheka akaanza tena kueleza, kwamba hata risasi ya penseli si risasi, ni ndugu wa mkaa huohuo, mpaka Hajati akafunika masikio kwa mtandio. "Hii mutoto iko redio," akaniambia. "Wapi mahali ya kuzima?"

Ndipo likaja lile tangazo. Huko juu mlimani, kwenye ofisi za serikali, kulikuwa na afisa mmoja wa mambo ya vijana, mtu mpole mwenye miwani, aliyetaka vijana wa mji waache kukaa vibarazani. Akaanzisha chemsha bongo ya sayansi, kwa Kiswahili, kila Jumamosi saa nane mchana katika ukumbi wa zamani wa Wazungu. Wawili wawili. Watakaoshinda mwishoni mwa mwaka wataingia wote wawili karakana ya magari, mafunzo ya mwaka mzima, ovaroli, kitanda na chakula. Nafasi mbili tu. Nilisoma lile tangazo kwenye mlango wa posta kwa kidole, neno kwa neno, nikarudi mbio. Candia yuko kitandani anasoma kitabu anachokijua. Nikamwambia, "Leo hiyo maneno yako itatusaidia."

Sheria ilikuwa ya zamu. Swali moja kwangu, moja kwa mwenzangu, na asiyeulizwa anyamaze kabisa. Akijibu zamu isiyo yake, wawili wote wanakosa alama ile. Sheria nyepesi, sivyo? Jumamosi ya kwanza karani aliuliza, akinitazama mimi, "Kati ya chuma na dhahabu, kipi kinapata kutu?" Hata mbuzi anajua. Nimefungua mdomo, Candia ameshajibu, na ameongeza sababu, hewa na unyevu. Alama imekwenda. Jumamosi ya pili, hivyohivyo, habari ya bati. Karani akasema akirudia mara ya tatu tutatolewa moja kwa moja. Kurudi nyumbani nilimshika shati. Nilikuwa na kipande cha kioo mkononi, si kwa makusudi, nilikuwa nimeshaanza kazi ya jioni. Nikamwambia, "Sikiliza. Ukifungua mdomo bila kuulizwa, hata nyumba ikiwaka moto, hii itapita shingoni. Umesikia?" Akasema amesikia. Nikamwambia aape. Akaapa kwa kichwa cha mama yake.

Na tangu siku hiyo akawa mtu mwingine pale ukumbini. Alikuwa anakaa juu ya mikono yake, midomo ameikunja ndani, macho yamemtoka, lakini neno halitoki. Nyumbani alilipiza, usiniulize, lakini mlimani alikuwa bubu. Tukapanda. Mimi nilikuwa napata maswali mepesi kwa bahati na magumu kwa kufundishwa; kila jioni kabla ya magharibi Candia ananiuliza, nakosea, ananiuliza tena, Hajati anajibu kutoka jikoni kabla yangu. "Zebaki! Mwambie zebaki, amechosha masikio yangu." Kufika Jumamosi ya mwisho tulibaki sisi na vijana wawili wa mjini, wote wamemaliza sekondari, mashati yamepigwa pasi. Wao alama sawa na sisi. Ukumbi umejaa. Hajati Zena amekuja na mtandio wa Idi, amekaa mbele, ameleta mto wake.

Wale wawili walikosa swali lao la mwisho. Lilikuwa la mvumbuzi, na wakamtaja mwingine. Karani akageuza karatasi. Swali letu la mwisho, na zamu ilikuwa yangu.

"Taja jiwe linalokata kioo."

Nataka mtu anielewe hapa. Mwaka mzima nimeulizwa habari ya hewa nisizoziona na Wazungu nisiowajua. Sasa ananiuliza kazi yangu. Nilitaka kucheka. Nikasema, "Jiwe jeupe. Haya meupe ya barabara ya Koboko."

Wakacheka wao, ukumbi mzima. Karani naye akatabasamu, akasema, "Jibu ni almasi."

"Almasi inakata, sikatai," nikasema. "Na hii pia inakata."

"Kitabu kinasema almasi."

"Kitabu kimekata kioo ngapi?"

Watu wakapiga meza. Ningekaa chini pale labda mambo yangekuwa mengine, lakini nilikuwa na jiwe langu mfukoni, la asubuhi, na hasira, na mbele yangu dirisha la kioo, moja katika machache yaliyobaki kwenye ukumbi ule, mengine yote yalikuwa yamezibwa kwa maboksi. Nikaenda. Nikapitisha mara moja, bila rula, bila mafuta. Likalia. Nikagonga kwa kifundo cha kidole, na kipande cha nusu dirisha kikatoka kimenyooka kama mkate, kikaanguka nje barazani, kikawa unga.

Afisa akasimama. "Wewe, kijana. Hiyo dirisha iko ya serikali."

"Ndiyo, bwana. Lakini imekatika."

Akavua miwani, akaivaa tena. Akamgeukia karani. "Kitabu kinasema nini?"

"Almasi, bwana."

"Basi ni almasi." Aliyasema kama mtu aliyechoka, si kwa ubaya. Nikamtazama Candia. Amekaa juu ya mikono, jasho linatiririka, uso umevimba kama mtu aliyemeza kiazi cha moto. Nikadhani ananionea aibu. Alama zilikuwa bado sawa, basi karani akawapa wale wawili swali hilohilo, wakasema almasi, nani asingesema, alama wakapata wao. Wakapigiwa makofi. Mimi nikaambiwa Jumatatu nirudi na kioo kipya.

Tuliteremka mlima jua bado kali. Hajati Zena alikuwa mbele yetu na mto wake kwapani, anamtukana karani kwa Kinubi, maneno ambayo sikujua kuwa anayajua. Tulipofika penye mikaratusi, mahali ukumbi hauonekani tena, Candia akaachia pumzi.

"Lile jiwe linaitwa kwatzi," akasema. "Ugumu wake ni namba saba. Almasi ni kumi. Kioo ni tano na nusu. Chochote kilicho juu ya kioo kitakata kioo. Iko kwenye kitabu changu, imeandikwa."

Nikasimama. "Ulijua?"

"Najua zote kumi. Ya kwanza ni ile laini kama poda..."

"Candia. Ulijua, umekaa pale, umenyamaza?"

"Haikuwa zamu yangu," akasema. "Na wewe ulisema hata nyumba ikiwaka."

Nilikaa chini barabarani. Nilitaka kumpiga na sikujua nianzie wapi. Mwaka mzima mtu huyu amesema wakati hakuna anayetaka, na siku moja, dakika moja, nafasi yangu na yake mwenyewe ziko mezani, amenitii. Usisahau kwamba alipoteza yeye pia. Alikuwa anarudi Dadamu kushika jembe, na jembe hakuliweza. Hajati Zena aligeuka akatuona. Alipoelezwa, aliushusha mto chini. Halafu akasema, "Mimi nilitafuta mahali ya kuzima mwaka mzima. Wewe ulipata, ukazima siku ya leo." Alikuwa ananiambia mimi, si yeye. Hata leo nikikumbuka napata moto masikioni, kwa sababu ni kweli.

Jumatatu nilichukua vioo viwili safi, visivyopakwa rangi nyuma, katika akiba ya Mze Khamisi (kimoja kikiharibika, kiwepo kingine), nikapanda mlima. Candia akanifuata bila kualikwa, akashika upande wa pili. Afisa alitoka ofisini mwenyewe, karani nyuma yake. Nikapima dirisha kwa uzi. Nikaweka kioo juu ya meza ya chemsha bongo, nikapasua jiwe jipya pale pale kwenye ngazi, nikapaka mafuta, nikaweka rula. Afisa akainama mpaka miwani yake karibu iguse. Nikapitisha. Nikabonyeza ukingoni. Kikaachana vizuri, hata chembe haikuruka. Kwa bahati, maana ningeweza kupata kile cha tano.

Afisa akakiokota kile kipande chembamba kilichobaki, akapitisha kidole kwa uangalifu. "Nani amekufundisha?"

"Mze Khamisi wa Koboko."

"Na yeye?"

"Mutu wa Kongo. Alikuwa anauza tumbaku."

Akamgeukia Candia. "Na wewe, unajua kwa nini inakata?"

Ameulizwa. Jamani, ameulizwa. Candia akamwaga zote kumi, kutoka ile ya poda mpaka almasi, na kioo katikati, na kwatzi juu yake, na kwa nini, pale mlangoni, bila kupumua. Karani alikuwa anafungua kitabu chake kurasa za nyuma, anatafuta, na nilimwona alipopata, maana alikifunga.

"Kwa nini hukusema Jumamosi?" afisa akamwuliza.

"Ilikuwa zamu yake, bwana."

Afisa akamtazama, akanitazama mimi, akamtazama karani. "Yale majina ya karakana," akasema.

"Yamekwenda, bwana," karani akajibu. "Yamekwenda asubuhi na gari. Yamepigwa muhuri."

Sikuwa na nguvu hata ya kukasirika. Nikachukua kioo, nikakitia dirishani, Candia akashika, nikapiga misumari midogo, nikapaka gundi yangu ya chokaa na mafuta. Wote wanatazama. Kwa hiyo yule mpwa na koti lake angekuwepo siku ile, angeona nani alikata na nani alishika, na angeona pia kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyevumbua kitu. Aliyevumbua alikunywa chai kavu akapita, na labda naye aliona kwa mwingine. Nilipomaliza nilifuta mikono kwenye suruali, nikaanza kukusanya vitu vyangu. Nilikuwa nafikiria gari la kurudi Koboko.

Afisa alikuwa bado amesimama. Alikuwa anahesabu kwa kidole yale maboksi kwenye madirisha, upande huu, halafu upande ule, halafu akatazama nje, kwenye ofisi nyingine za mlimani, zote zina maboksi. Akaniambia karakana hawezi tena, lakini kazi hii inahitaji mtu, na chumba cha kulala kipo nyuma ya stoo.

"Unaweza kuanza lini?"

Alikuwa ananiangalia mimi. Mimi na vidole vyangu, na ile kazi niliyokuwa naichukia, bado nafikiri.

"Sasa hivi, bwana," Candia akasema, akachukua kile kioo cha pili.